Mlima wa Wikendi

Tangazo liliingia kwenye kundi la WhatsApp Jumanne jioni, na kufikia Alhamisi nafasi zote 14 zilikuwa zimelipiwa. Juu kulikuwa na picha ya kilele cha Lenana alfajiri: bendera, watu wenye miwani ya jua, mawingu chini ya miguu yao. Chini ya picha, ratiba. Ijumaa mchana kutoka Nairobi na kulala kambi ya Old Moses, Jumamosi kambi ya Shipton, Jumapili alfajiri kileleni, kisha kushuka moja kwa moja hadi chini na kurudi mjini usiku, Jumatatu kazini. Usafiri, mahema, chakula, wapagazi na waelekezi wawili, vyote ndani ya bei. Mmoja akauliza kama kuna mahali pa kuchaji simu. Mwingine akauliza habari ya choo. Swali ambalo lingewafaa kuliko yote halikuulizwa, nalo nitalifikia.

Watu wenyewe nitawaacha bila majina. Aliyewahi kupanda na makundi ya Nairobi atawatambua: mratibu mchangamfu aliyebeba spika ndogo begani, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa anatimiza miaka 50 na kuamua kujipa zawadi, vijana wa benki wenye viatu ambavyo havijaonja tope, na yule mmoja asiyekosekana katika kila kundi, mkimbiaji. Huyu alikuwa na medali za marathoni, alikuwa amewahi kwenda Iten kufanya mazoezi, na gari halijafika Karatina watu walikuwa wameshakubaliana kwamba ndiye atakayegusa bendera wa kwanza.

Mlima Kenya ni volkano iliyokufa. Mlipuko wake wa mwisho unakadiriwa kutokea kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3.1 iliyopita, na wanajiolojia wanaamini kwamba enzi zake ulipita mita 6,000. Shimo lake limeliwa na barafu na mvua. Batian yenye mita 5,199 na Nelion yenye 5,188 ni mawe magumu yaliyoganda kooni mwa volkano, yakabaki yamesimama baada ya kilichoyazunguka kumomonyoka. Hizo mbili ni za wenye kamba na ustadi wa miamba. Sisi wengine huishia Lenana, mita 4,985, ambayo mwenye miguu mizima na koti zito anaweza kuifikia kwa kutembea tu. Hakuna moto huko, wala moshi, wala ardhi inayotetemeka. Njia waliyoichukua, ya Sirimon, haina hata jabali la kumtia mtu kizunguzungu. Mtu hutazama huku na huku, haoni cha kuogopa, naye huacha kuogopa.

Watu hupenda kusema kwamba juu hakuna oksijeni. Sivyo hasa. Oksijeni ni asilimia 21 hivi ya hewa, uwe Mombasa au Lenana. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, kwa hiyo kadiri unavyopanda kila pumzi huingiza pungufu kuliko ile iliyotangulia. Pale Shipton, mita 4,200, pumzi moja inaleta takriban asilimia 60 ya oksijeni ambayo ingeleta pwani. Lenana ni zaidi kidogo ya nusu. Mwili una namna yake ya kukabiliana na jambo hilo: unapumua haraka, moyo unaongeza mwendo, figo zinarekebisha damu. Lakini hiyo ni kazi ya siku kadhaa, haiishi kwa saa chache. Ndiyo maana madaktari wa milima hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 hivi juu ya pale ulipolala jana. Nairobi iko mita 1,700 hivi. Old Moses ni 3,300. Shipton ni 4,200. Msomaji apige hesabu mwenyewe, kisha airudie ile ratiba.

Na hapa sitaki kumwonea mratibu. Hakudanganya mtu. Ratiba za namna ile zinauzwa kila mwezi, na wengi hupanda, hushuka, huumwa kichwa, husahau. Kilimanjaro wageni huutengea siku tano, sita au zaidi. Mlima wetu tunaukimbiza kwa sababu uko karibu na mji. Mwaka 1899 Halford Mackinder na msafara wake walitoka Nairobi kwa miguu, na alisimama juu ya Batian tarehe 13 Septemba baada ya wiki nyingi za njia, msitu na kambi. Taabu za msafara ule zilikuwa nyingi na wapagazi ndio waliozilipa zaidi, lakini kulala Nairobi jana na mita 3,300 leo haikuwa mojawapo. Lami imetuondolea zile wiki. Imeondoa na kitu kingine ambacho hatukukihesabu.

Basi Ijumaa usiku, Old Moses, karibu kila mtu aliumwa kichwa. Mratibu akazungusha pakiti ya Panadol kama mwenyeji azungushavyo njugu. Mkimbiaji akachukua mbili, akameza, hakusema neno. Asubuhi mwelekezi mkuu, mzee aliyekaribia miaka 60, mwenyeji wa upande wa Nanyuki, akapita kwa mmoja mmoja na maswali yake yaleyale ya miaka yote. Umelala? Umekula? Umekojoa mara ngapi? Vijana wa benki wakacheka kwa hilo la tatu. Mkimbiaji akajibu, "Niko sawa kabisa, mzee," na ilikuwa kweli kwamba aliweza kutembea vizuri.

Kutoka Old Moses hadi Shipton ni kama kilomita 14. Njia inakata nyanda za nyasi, inateremka na kupanda mabonde, kisha inaingia bonde la Mackinder, penye lobelia na yale majisenesio makubwa yenye mashina manene kuliko kiuno cha mtu. Mzee alishika mwendo wa polepole hata wengine wakaona anawachelewesha. Mkimbiaji alitangulia mbele, akawasubiri kwenye jiwe, akatangulia tena. Mara mbili mzee alimwambia, "Kijana wangu, rudi nyuma yangu." Mara mbili akarudi, kwa heshima, na baada ya dakika kumi akawa mbele.

Aliyelemewa alikuwa mwalimu. Baada ya chamcha alitapika, akakaa chini, akasema mbele ya wote, "Mimi siendelei. Kichwa kinapasuka." Wakampa pole nyingi. Mratibu alijaribu kumtia moyo, kwamba kambi iko pale mbele tu, lakini mwalimu amezoea kusimama mbele ya watoto 60 na hakuyumba. Mwelekezi wa pili akachukua begi lake wakageuka. Jioni hiyo hiyo, Old Moses, alikuwa anakula ugali na kabichi na kuomba nyongeza. Ugonjwa wa mwinuko ukiwa bado mchanga, dawa yake ni kushuka, na hufanya kazi haraka hata mgonjwa mwenyewe huona haya kwamba aliwahi kulia.

Sasa msomaji ahesabu tena. Watu 13, mwelekezi mmoja.

Swali ambalo halikuulizwa kwenye lile kundi lilikuwa hili: mmoja wetu akiugua, nani anashuka naye, na wanaobaki wanabaki na nani? Wawili kwa watu 14 walionekana wanatosha kwa sababu kila mtu alihesabu waelekezi wa kuonyesha njia. Njia ya Sirimon haipotezi mtu mchana. Mwelekezi unamlipa kwa ajili ya ile saa ambayo kundi linagawanyika, na wa kwanza kuugua humtumia mmoja. Wa pili akiugua, zamu ya msaada imekwisha. Wapagazi na mpishi wapo, tena mara nyingi ni watu hodari kuliko sisi sote, lakini kazi yao ni mizigo na moto, na usiku wa kwenda kileleni wao hubaki kambini.

Shipton jioni kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Pimbi walikuwa wanazunguka mahema wakitafuta makombo. Mratibu akatoa kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kile kinachopima oksijeni ya damu, alichokinunua siku za korona. Wakakizungusha mezani kwa vicheko. Wengi walisoma 82, 84, 86, namba ambazo mjini zingemkimbiza mtu hospitali lakini kwa kimo kile ni za kawaida. Cha mkimbiaji kilisoma 71. Meza ikanyamaza kidogo. "Vidole vimeganda," akasema, "na hiki kibetri chenu kimechoka." Akasugua mikono, akaiweka kwenye kikombe cha chai, akajaribu tena: 75. "Mnaona, inapanda." Wakacheka, wakaendelea na supu. Na kweli vidole baridi hukidanganya kifaa kile, ndiyo maana maneno yake yalikubalika. Mzee alikuwa jikoni akipanga na mpishi chai ya saa nane usiku. Hakuna aliyekwenda kumwambia.

Aliyelala naye hema moja, kijana wa benki, alimsikia akikohoa tangu saa tatu usiku, kikohozi kikavu kisichoisha. Akamuuliza. "Vumbi la njiani." Baadaye alipoamka kugeuka alimkuta mwenzake ameketi, mgongo kwenye begi, tochi imezimwa. Alidhani ana hamu ya kileleni na usingizi umemruka. Hakujua, na nani angemfundisha, kwamba mtu ambaye hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi amekwisha kutoa habari zake zote. Maji huanza kuvuja kutoka mishipani hadi mapafuni, na mara nyingi huwa ni usiku wa pili. Ujana hauyazuii. Mazoezi hayayazuii. Mapafu ya mwanariadha hayana kinga ya pekee, na wenye nguvu hupatikana zaidi kwa sababu ndogo tu: wanaweza kupanda haraka.

Saa tisa usiku wakaanza kupanda. Tochi 13 za kichwani zikimfuata mzee juu ya changarawe legelege, hatua mbili juu, nusu hatua chini. Katika giza lile uso wa mtu huuoni, unaona buti za aliye mbele. Mzee alichoona ni mpangilio: aliyekuwa wa kwanza siku nzima ya jana sasa alikuwa wa mwisho, na pengo lilikuwa linapanuka. Karibu na kijiziwa cha Harris, chini kidogo ya kilele, akasimamisha msafara na kuteremka hadi nyuma.

Alimkuta amekaa. Alipomwekea sikio mgongoni alisikia kitu kinatokota ndani. Kwa mwanga wa tochi midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mzee akamwinua, akachora mstari kwenye changarawe kwa ncha ya fimbo, akamwambia atembee juu yake, kisigino kiguse kidole. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu ilikwenda pembeni na mwili wote ukaifuata, mzee akamdaka.

"Leo siku gani, kijana wangu?"

"Jumatatu."

Mzee hakuuliza la pili. Akawaita wote washuke.

Nasita kuwahukumu kwa yaliyofuata, kwa sababu nimekutana na watu wa namna hiyo na si wabaya. Lenana ilikuwa pale juu, unaiona nyeusi dhidi ya nyota, mwendo wa chini ya saa moja. Walikuwa wamelipa. Mmoja alikuwa amewaambia watoto wake atawapigia simu kutoka kileleni. Mratibu akasema kwa sauti ya upole, "Mzee, hatuwezi kumwacha hapa na mtu mmoja wetu, tukimbie juu, tumchukue tukirudi? Ni dakika arobaini tu." Mzee akasema hapana. Mratibu akasema kwamba basi atangulie naye mwenyewe, wao wamalize. Mzee akasema yeye ndiye aliyeandikiwa watu hawa, na hawezi kumbeba mmoja huku kumi na wawili wametawanyika juu ya mawe gizani. Mwingine akataja kurudishiwa pesa. Mabishano yale, katika baridi ile, yalichukua karibu nusu saa, na kwa nusu saa hiyo mgonjwa alikuwa palepale kwenye mita 4,700 na kitu, akizidi kujaa maji.

Mwishowe wanane walishuka na mzee. Wanne, pamoja na mratibu, wakaenda juu.

Ingekuwa hadithi ya babu zetu, wale wanne wangepatikana na jambo. Hawakupatikana na lolote. Walifika, jua likachomoza upande wa Meru, wakapiga picha, wakashuka kwa miguu yao hadi Shipton wakanywa chai. Picha zao zilipendwa mno. Hili nalisema wazi kwa sababu funzo linalodai kwamba kila kosa huadhibiwa papo hapo halimfai mtu wa mlimani. Kesho atawaona waliokosea na kurudi wazima, naye atalitupa.

Mkimbiaji aliteremshwa kwa mabega ya watu wawili wawili wakipokezana. Kambini mzee akawaamsha wapagazi. Kulikuwa na chupa moja ya oksijeni ya kundi jingine, wakaazimwa; ilisaidia, ikaisha. Oksijeni hununua muda tu, na hata dawa ya Diamox, ambayo wengine hufikiri ni kibali cha kupanda haraka, husaidia mwili kuzoea lakini haichukui nafasi ya kushuka. Wakafunga blanketi kwenye fito mbili za hema kubwa, wakapata machela, wapagazi sita wakaingia bonde la Mackinder. Simu ilishika mtandao pale ulipoinuka mgongo wa kwanza, gari likaagizwa lipande hadi Old Moses. Mahali pa kwanza alipoomba maji mwenyewe palikuwa penye kivuko cha mto Liki. Kufika Old Moses, ambako mwalimu alikuwa amekaa juani na kitabu, alikuwa anajibu maswali, ingawa hakukumbuka mstari wa changarawe wala jibu lake.

Hospitalini Nanyuki picha ya kifua ilionyesha mabaka meupe pande zote mbili. Daktari alimwambia kwamba saa chache zaidi juu zingetosha. Alirudi kazini baada ya wiki tatu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwenye lile kundi la WhatsApp methali hiyo ilitumwa na watu wanne tofauti, ikielekezwa kwa mkimbiaji. Mimi naona walimwelekezea mtu asiye peke yake. Kweli alificha Ijumaa, na Jumamosi mchana alijua anachokificha. Lakini kuanzia usiku ule hakuwa mtu wa kuulizwa. Ubongo uliokosa oksijeni ndio huohuo unaoulizwa kama umekosa oksijeni, na jibu lake huwa niko sawa. Waliosikia kikohozi walikuwa na akili zao. Walioona 71 walikuwa na akili zao. Kila mmoja alishika kipande chake na hakukipeleka jikoni kwa mzee, maana kukipeleka kungeonekana ni umbeya, na pia, tuseme ukweli, kungeweza kumgharimu kilele yeye mwenyewe. Mwalimu alisema maradhi yake mchana kweupe na akapewa pole kana kwamba ameshindwa. Baada ya kuiona pole ile, nani angetaka kuwa wa pili?

Waelekezi wazoefu wana taratibu zao za kuvunja ukimya huo. Wengine huwaambia watu wawili wawili wa hema moja, langoni kabisa, kwamba asubuhi nitamuuliza kila mmoja hali ya mwenzake, si yake. Wengine hukataa kabisa kuchukua kundi lisilo na mwelekezi wa akiba kambini usiku wa kileleni, na husisitiza kwamba usiku mmoja wa ziada chini ya Shipton uwe ndani ya bei tangu mwanzo, ili asiyeuhitaji aulalie tu na anayeuhitaji asionekane amewatia wenzake hasara. Mambo haya yanagharimu fedha na yanagharimu likizo ya Jumatatu, na Jumatatu ndiyo ghali kuliko vyote.

Wawili kati ya wale wanane walidai sehemu ya nauli yao, wakalipwa. Mratibu hakuitangaza tena safari ile kwa miezi miwili, kisha akaitangaza, ratiba ileile, waelekezi watatu badala ya wawili.

Mzee hakuwa mmoja wao. Alipigiwa simu na kundi jingine kabisa, watu 20 wa kampuni moja ya mjini. Akawauliza wana siku ngapi. Wakasema mbili na nusu. Akawaambia kwa siku mbili na nusu anaweza kuwapandisha hadi Old Moses, wakalala, Jumamosi wakatembea hadi mgongo wa bonde la Liki na kurudi kulala palepale; vilele vinaonekana vizuri kutoka huko, hasa asubuhi, na picha zitatoka safi. Wakasema wanashukuru sana, watamrudia. Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Kabla ya saa saba walikuwa wamepata mwingine.